Injini ya Hilux yangu: kuifufua au kununua nyingine

Fundi wa kwanza kuiona Hilux yangu baada ya kufa alifungua kifuniko cha oili, akachungulia, akafuta kidole kwenye ovaroli lake na kusema, "Mama, usijisumbue. Tafuta injini." Akanitajia milioni sita. Jioni ile ile shemeji akaja na fundi wake. Naye akachungulia pale pale, akasema ni gasketi tu, kile kizibio kati ya sehemu ya juu ya injini na ya chini, nimpe laki nne na kesho kutwa niko barabarani. Gari moja, tundu moja, tofauti ya milioni tano na laki sita, na kati yao hakuna aliyekuwa amefungua hata boliti moja.

Tangu hapo watu kadhaa wamenipigia simu wakiwa wamekwama kwenye swali hilo hilo: nitengeneze hii, au nitupe niweke nyingine? Kila mara najikuta naeleza upya kuanzia mwanzo, kwa hiyo nimeona niandike.

Kazi yangu ni nyanya na vitunguu. Navichukua Ilula na Ruaha Mbuyuni, navipeleka Iringa mjini, na msimu ukikubali navifikisha Mafinga na Makambako. Gari ni Hilux ya zamani ya kebini moja, injini 3L: dizeli ya silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, haina tabo (ile ya kusukumia injini hewa) wala kompyuta. Haina mbio, lakini fundi wa kijijini anaijua hata gizani, na spea zake zipo kila mji. Niliinunua kwa sababu hiyo.

Siku ilipokufa tulikuwa tunapandisha mlima Kitonga na vitunguu, nyuma ya foleni ya malori. Anayepajua anajua: kona kali, gia ya kwanza na ya pili muda wote, na upepo wa kupoza rejeta haupo kwa sababu gari halitembei. Mshale wa joto ukapanda ukakaribia nyekundu. Dereva akawasha hita ya ndani ili joto lingine litokee kwetu, tukaanza kuiva sisi. Halafu mshale ukashuka wenyewe, haraka, mpaka chini kabisa. Dereva akashusha pumzi. "Imepoa, mama."

Haikuwa imepoa. Kipima joto kinasoma maji. Maji yakiisha kinabaki kwenye mvuke na hewa, mshale unashuka huku chuma kinaungua. Mwenye dizeli ya zamani alishike hili hata kama mengine yote atayasahau: mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla bila wewe kusimama, zima injini hapo hapo, hata kama uko katikati ya kona na lori linakupigia honi. Sisi tuliambulia kona moja zaidi. Nguvu zikakata, ukasikika mlio wa kugonga, na moshi mweupe ukafunika magunia yote nyuma.

Vijana wa pale walikuja mbio na dumu la maji ya baridi. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu akawazuia, akasema tusimwage hata tone mpaka mkono uweze kukaa juu ya injini bila kuungua. Maji ya baridi kwenye chuma cha moto kiasi kile yanapasua hata kile kilichokuwa kimepona. Tukakaa kando ya barabara mpaka jua likapungua makali, vitunguu vikahamishiwa kwenye Canter ya mtu, na Hilux ikavutwa kwa kamba hadi Iringa.

Siku zilizofuata ziliniumiza kuliko zile pesa. Gari likilala, ukoo wote unakuwa na maoni. Shemeji alitaka ya laki nne. Kaka yangu wa Dar alisema niuze hivyo hivyo. Mteja wangu mmoja akasema nitoe 3L niweke 1KZ yenye tabo, "itapanda Kitonga huku unaimba". Mimi usiku nilikuwa napiga hesabu kwenye simu, nafuta, napiga tena. Hilux za umri huu zikiwa nzima watu walikuwa wakiniambia milioni kumi na saba, kumi na nane. Yangu ikiwa imekufa, mnunuzi mmoja alithubutu kunipa nane. Kwa hiyo kuuza ikiwa mfu ilikuwa ni kumpa mtu mwingine zile milioni kumi, yeye akatengeneze kwa nusu yake. Hilo nililitoa mezani mapema.

Aliyenituliza ni mzee mmoja mwenye gereji Ipogolo. Nilimuuliza bei, akakataa kutaja. Akasema, "Binti yangu, mimi sijui injini yako ina nini. Lete elfu themanini tuipime, halafu ndiyo tuongee." Nilikuwa nimeshazoea mafundi wa kutaja bei kabla ya salamu, na kukataa kwake ndiko kulikonifanya nimwamini.

Oili ilipotolewa ilikuwa chai ya maziwa tupu. Maana yake maji yameingia kwenye oili, lakini hiyo peke yake haisemi yamepitia wapi: gasketi iliyoungua, hedi (kichwa cha injini) iliyopasuka au bloku (mwili wake wenye silinda) iliyopasuka, vyote vinatoa rangi hiyo hiyo. Ndiyo maana mafundi wale wawili waliona kitu kimoja wakasema mambo mawili.

Mzee akaondoa hita plagi zote, akafunga geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, kwenye tundu moja baada ya jingine, akaazima betri ya lori ili stata izungushe kwa nguvu. Betri dhaifu inakupa vipimo vya uongo. Kitabu cha Toyota kwa injini hizi kinataka kila silinda isishuke chini ya kilo 20 kwa sentimita ya mraba, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Yangu ilisoma 27, 26, 14 na 25. Silinda ya tatu ilikuwa imekufa, nyingine tatu zilikuwa hai vizuri tu kwa injini ya umri ule. Hapo hapo wazo la kutupa injini nzima likaanza kupungua nguvu kichwani mwangu.

Hedi ikashushwa, tukaipeleka kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Kule waliiziba njia zake za maji, wakaijaza upepo na kuizamisha kwenye maji ya moto. Nilisimama pale nikiangalia. Kwa muda hakikutokea kitu, kisha mapovu madogo yakaanza kupanda kutoka katikati ya valvu mbili za silinda ya tatu, mstari mwembamba kama unywele. Nikaupapasa kwa ukucha baada ya hedi kukauka, sikuusikia. Kama ningechukua ile kazi ya laki nne, tungebadilisha gasketi, tungefunga hedi yenye ufa, na ningerudi Kitonga nayo.

Hedi yenye ufa pale inaweza kuchomelewa, na wapo watakaokuambia wanajua. Mzee alisema kwenye gari la kutembelea mjini angejaribu, kwenye gari la kupanda na tani moja hapana. Bloku nayo ikapimwa. Haikuwa na ufa. Silinda ya tatu ilikuwa imechanwa ukutani, michirizi inayoonekana kwa macho, pistoni yake imekwaruzika upande mmoja. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa safi, haijaguswa.

Sasa nikawa na kitu cha kufanyia uamuzi. Hedi mpya, kuboa silinda, pistoni za saizi kubwa kidogo, beringi, gasketi na ufundi: mzee aliandika kwenye karatasi, jumla ikaja milioni tatu na laki tisa. Upande wa pili kulikuwa na injini ya mtumba, na huko sikutaka kuambiwa na mtu. Nikapanda basi kwenda Dar.

Injini hizi za mtumba nyingi zinaingia kwenye makontena kutoka Japani, nyingine zikiwa zimepitia Sharjah. Pale Ilala na Gerezani unazikuta zimepangwa chini, nyeusi za oili, pembeni yake gia boksi na nusu za magari yaliyokatwa. Niliongozana na kijana fundi ambaye mzee alinipa namba yake, nikamlipa kwa siku. Usiende peke yako na usiende na fundi atakayekula asilimia kwa muuzaji. Mlipe mwenyewe, tena kabla.

Nilichokuwa nakitafuta ni 5L. Hii ni ndugu wa 3L, ujazo 2,986, haina tabo wala kompyuta vilevile, na inakaa kwenye nafasi ya 3L bila vita. Tofauti yao kubwa ni upana wa silinda: milimita 96 kwa 3L, 99.5 kwa 5L. Kwa mtu mwenye 2L au 3L iliyokwisha kabisa, hii ndiyo njia yenye akili. 1KZ-TE nayo ilikuwepo, inang'aa, na bei haikuwa mbali sana. Lakini pampu yake inaongozwa kwa umeme. Unanunua injini pamoja na kontrol boksi yake, waya wake wote, fundi umeme wa kuviunganisha, mabomba ya tabo na rejeta kubwa zaidi, na hedi yake ya aluminiamu inajulikana kwa kupasuka injini ikichemka. Mimi ambaye gari limekufa kwa kuchemka niende kununua ile! Mteja wangu na nyimbo zake nikamsamehe.

5L ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, hadi boliti. Kijana wangu akatingisha kichwa. Rangi mpya inaficha pale oili inapovuja na pale vumbi linapokwambia kifuniko hiki kiliwahi kufunguliwa. Ya pili ilikuwa chafu na ndiyo aliyoipenda. Akazungusha krenki kwa spana, mizunguko miwili kamili, akisikiliza kama kuna mahali inashika. Akafungua kifuniko cha oili na kupaka kidole. Akachungulia tundu la kutokea maji: kutu nyingi pale inaonyesha ilikuwa ikiendeshwa na maji matupu, bila kulanti (maji yenye dawa ya rejeta). Akatazama namba iliyogongwa kwenye bloku kama haijasagwa. Kisha muuzaji akaiwasha pale chini, kwa betri na dumu la dizeli, ikaunguruma vizuri.

Vizuri, lakini baridi, bila mzigo, na kwa dakika chache. Nikamuuliza muuzaji waranti yake ikoje. Alinijibu kwa uungwana kabisa kwamba akishaiwasha mbele yako mmemalizana, labda ikionekana mbovu siku ya kwanza ya kuifunga. Sikumlaumu. Na yeye hajui ilitembea kilomita ngapi huko ilikotoka. Alitaka milioni tano na nusu, tukafika tano.

Usiku ule kwa kaka yangu nikaandika hesabu mbili kwenye karatasi moja. Ile tano ya dukani ilikuwa inakua kila nilipoigusa. Kuisafirisha hadi Iringa, kuiteremsha ya zamani na kuipandisha hii, belti ya taimingi mpya na pampu ya maji kwa sababu huwezi kuiamini iliyokuja nayo, oili, filta, na vile vya kupoza nitakavyovieleza. Ilikuwa inakaribia milioni saba, bila kugusa pampu ya dizeli wala nozo, na ndani yake bado ni injini ambayo hakuna mtu aliyeifungua. Ile yangu ilikuwa imeshafunguliwa. Nilikuwa najua kila kipimo chake, kizuri na kibaya.

Sikununua 5L. Kesho yake nikaenda Kariakoo kununua hedi na pistoni, nikarudi Iringa.

Lakini kuna jambo ambalo mzee alilisimamia kabla hajakubali kugusa chochote, na naliona ndilo la maana kuliko uamuzi wenyewe. Alisema injini haijiui. Kilichoiua kinabaki kwenye gari, na kitaiua pia utakayoweka, hata ukiitoa kiwandani na karatasi zake. Tukaanza kutafuta.

Kwenye nyumba ya thamostati, ile valvu inayofunguliwa na joto kuongoza maji, hamkuwa na kitu. Fundi fulani huko nyuma, kabla sijanunua gari, aliitoa. Ni desturi ya mafundi wetu wengi: gari likichemka kidogo, toa thamostati, maji yapite huru. Mzee alinichorea chini kwa chaki. Kwenye injini hizi thamostati ina sahani mbili. Injini ikipata joto, sahani ya juu inafungua njia ya kwenda rejeta, na ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji inazunguka ndani bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare hutajua. Kwenye Kitonga na tani moja mgongoni utajua.

Feni nayo ilikuwa imechoka. Ile klachi yake yenye mafuta ya silikoni ilikuwa imevuja, ukiizungusha kwa mkono injini ikiwa ya moto inazunguka yenyewe bila kukaza, inapuliza hewa ya kubembeleza. Rejeta tukaikata juu: nusu ya mirija ilikuwa imeziba kwa chokaa na kutu, kwa sababu ilikuwa ikijazwa maji ya visima na mito ya njiani. Vitu vitatu, kila kimoja kidogo. Hapo ndipo dereva wangu aliponiambia, akitazama chini, kwamba alikuwa akiongeza maji kila asubuhi kwa wiki kadhaa na hakusema kwa kuogopa ningedhani anaharibu gari. Sikumfukuza. Kijana anayeogopa kukuambia kuwa maji yanapungua ana mwajiri wa kutisha, na mwajiri huyo nilikuwa mimi. Siku hizi ananiandikia ujumbe hata kama ni tone.

Kazi yenyewe ilichukua muda mrefu kuliko ilivyoahidiwa, kama ilivyo kawaida ya gereji. Kilichochelewesha zaidi kilikuwa gasketi ya hedi. Nilidhani gasketi ya 3L ni gasketi ya 3L. Kumbe zinatengenezwa kwa unene tofauti, zina alama pembeni, na yako inajulikana tu baada ya kufunga pistoni na kupima zimechomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku. Mzee aliweka saa ya kupimia juu ya kila pistoni, akaandika namba nne kwenye kipande cha boksi, akachukua kubwa kuliko zote. Maduka ya Iringa siku zile yalikuwa na nyembamba tu. Kijana mmoja wa pale gereji akasema tufunge hiyo hiyo, nani atajua. Mzee akamwambia pistoni itajua, itakapogonga hedi. Tukasubiri basi la Dar.

Silinda zote nne zilibolewa kwa nusu milimita. Mwanzo nilidhani itatosha ile moja iliyochanwa, nikaambiwa injini yenye pistoni za saizi tofauti haitulii. Karakana walitaka pistoni mkononi kabla ya kuboa, wapime kila moja na silinda yake. Ukikuta karakana inaboa kwanza na kukuambia pistoni utanunua baadaye, chukua bloku yako uondoke.

Spea bandia ni balaa jingine. Beringi za kwanza nilizonunua mjini zilikuwa kwenye boksi zuri la jina kubwa, mzee akazipima akakuta mbili hazilingani na wenzake. Duka lilizipokea tena kwa sababu nilikuwa na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila ile karatasi ningekuwa nimelamba hasara. Nilianza pia kudai spea zote za zamani nirudishiwe, zikakaa kwenye boksi kwangu mpaka kazi ilipoisha. Si kwa kumshuku mzee. Ni kwamba ukiziona kwa macho yako unaacha kujiuliza usiku kama kweli zilibadilishwa.

Malipo niliyagawa: theluthi ya ufundi mwanzo, theluthi bloku ilipofungwa, na iliyobaki baada ya gari kupanda na mzigo. Mzee hakusita. Fundi anayetaka yote mwanzo ana madeni mahali.

Hesabu ya mwisho: hedi 1,450,000. Pistoni na ringi 520,000. Beringi 190,000, gasketi seti nzima 180,000, karakana 320,000. Pampu ya oili, pampu ya maji, belti ya taimingi na tenshona yake 430,000. Rejeta, klachi ya feni, thamostati na mipira yote ya maji 655,000. Oili, filta na kulanti 210,000. Ufundi 600,000. Na 480,000 ambazo hazikuwa kwenye karatasi ya mzee kabisa: nozo zilipopelekwa kupimwa mbili zilikuwa zinakojoa badala ya kunyunyiza, na pampu ya dizeli ilikuwa imechoka. Nozo inayomwaga dizeli hivyo inaweza kutoboa pistoni mpya, kwa hiyo huwezi kusema hii tutafanya mwakani. Jumla 5,035,000, zaidi ya milioni moja juu ya makadirio. Anayepanga ovahoo, yaani kuifungua injini na kuijenga upya, aongeze zaidi ya robo nzima juu ya karatasi ya fundi, tena fundi mwaminifu.

Hapo sijaweka Canter niliyokuwa nakodi. Kila safari ilinila 150,000, na nyanya hazisubiri gasketi. Kama ingekuwa katikati ya msimu mkubwa, huenda hesabu ingegeuka. Injini ya mtumba inafungwa kwa siku chache, ovahoo inakula wiki, na kwa mtu ambaye kila siku gari likilala anapoteza laki mbili, ile milioni mbili ya tofauti inalika haraka. Mwenzangu wa Makambako bloku yake ilitobolewa na koneksheni rodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Kwake hakukuwa na cha kufufua. Alifunga 5L na mpaka leo anabeba viazi bila maneno. Krenki ikivunjika au bloku ikipasuka, usipoteze usingizi, katafute injini. Ikiwa vyote viwili ni vizima, pima kwanza.

Mwenzangu huyo wa Makambako alinifundisha jambo la karatasi pia. Kadi ya gari inataja namba ya chasisi na namba ya injini. Ukiweka injini nyingine, kadi inabaki ikitaja chuma ulichouza skrepa, na siku ya kuuza gari au ya ajali bima itakuuliza. Alihangaika kwa sababu alinunua bila risiti wala nyaraka za kuingizia mzigo. Kwa hiyo kabla hujalipa, dai risiti na nakala ya nyaraka, piga picha namba iliyogongwa kwenye bloku ikiwa bado iko chini inapoonekana, kisha upeleke taarifa TRA (mamlaka ya mapato) na gari likaguliwe na polisi. Kwa wenzetu wa Kenya mambo hayo yako NTSA.

Siku ya kuiwasha mzee alizungusha kwanza kwa stata huku dizeli imekatwa, mpaka taa ya oili ikazimika. Ndipo akairuhusu. Ilitoa moshi kidogo wa oili za kufungia, ikakohoa, ikatulia. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na sikuweza kusimama mara moja. Thamostati tuliyofunga ilichemshwa kwanza kwenye sufuria pale pale gereji, juu ya jiko la mkaa la mama ntilie: imechapwa nyuzi 82, na ilifunguka vizuri kabla maji hayajachemka. Spea mpya nayo inapimwa.

Kilomita elfu moja za mwanzo tulibeba nusu mzigo, bila kukanyaga sana na bila kuiacha ikiunguruma muda mrefu imesimama, halafu oili ikamwagwa. Sasa inabadilishwa kila kilomita 5,000. Maji ni kulanti tu, na dumu la akiba linakaa nyuma ya kiti. Nimeongeza king'ora kidogo kinacholia kwa joto la chuma chenyewe cha hedi, si la maji, kwa hiyo hata maji yakiisha kitasema. Fundi umeme alichukua elfu arobaini na tano.

Kitonga tumeipanda mara nyingi tangu hapo, mshale unakaa katikati. Dereva hajaridhika. Anasema Hilux ya jamaa fulani inatupita mlimani kwa sababu fundi wa pampu aliiongezea dizeli, na anataka na yetu iguswe ile skrubu. Dizeli ikizidi ni moshi mweusi na joto zaidi kwenye hedi niliyolipia milioni moja na nusu. Skrubu imefungwa waya na lakiri ya karakana ya pampu, na nikikuta lakiri imekatwa tutaongea mimi na yeye.